Jembe Lililolika Kona ya Kushoto

6 Julai

Dada yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Naanza kwa kukuuliza hali, na nakuomba safari hii unijibu kama mgonjwa anavyomjibu daktari, si kama mwenyeji anavyomjibu mgeni. Maana wewe hata ukiwa na homa ya kutikisa kitanda utaandika "mzima wa afya". Haya, u hali gani? Unalala vizuri? Kile kikohozi cha vumbi la mavuno kimekwisha? Ningekupigia simu, lakini ya kwako umeigeuza tochi, na ukitaka isikike lazima upande kilima. Bora karatasi. Karatasi haiishiwi chaji.

Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Wifi yako anakusalimu sana. Watoto wanakuamkia, shikamoo shangazi, kila mmoja na ya kwake. Mkubwa ameota ndevu za kuhesabika na ananyoa kila Ijumaa kama imamu.

Vitunguu ulivyompa Breki wa lori vilifika salama. Wifi yako hakuwahi hata kulitua gunia vizuri pale sokoni, wanawake walikwisha kulizunguka. "Vya wifi hivi?" "Vya wifi." "Basi nipimie kabla hujaanza kujidai." Vitunguu vyako huku vina jina, Dada. Kuna mama muuza chapati ambaye hakujui sura, lakini kila akiswali anakuombea mvua.

Breki mwenyewe alifika amenuna. Lori lilikatika springi ya nyuma kwenye yale makorongo karibu na daraja, akalala njiani na shehena ya mahindi. Alinitupia vyuma miguuni pale bandani. "Chukua, fisi we. Nikiumia mimi, wewe ndiyo unakula."

Nikamwambia, "Nasikitika, ndugu yangu."

"Unasikitika huku mate yanakudondoka!"

Mungu anisamehe, kweli. Hakuna chuma kinachoshinda springi ya lori kwa kutengeneza jembe. Ni chuma kilichokwisha kuzoea kubeba. Nikakaa nikitafakari, nikamwambia Breki: angalia kazi ya Mola. Mahindi ya kwao dada yanakuja kutulisha mjini. Uzito wa mahindi unavunja springi. Springi naichoma moto, naigonga, inakuwa jembe. Jembe linapanda lori lilelile, linakwenda kulima mahindi, na mahindi yanakuja kuvunja springi. Breki akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo katika duara lako lote hilo, anayelia ni mimi peke yangu."

Sasa, Dada, lililonifanya nishike kalamu. Amekuja mkandarasi mmoja hapa bandani, mtu mstaarabu, huwa tunaswali naye safu moja. Anajenga nyumba nyingi upande mpya wa mji, kule ambako zamani kulikuwa vichaka. Anataka nimtengenezee mageti na vyuma vya madirisha, mimi na mwenzangu Mvukuto, mwaka mzima, masika na kiangazi. Mashine ya kuchomelea ananiletea yeye. Sharti lake ni moja: niache majembe. Anasema hawezi kuwa na fundi ambaye mvua zikinukia tu anaitupa kazi ya watu na kukimbilia majembe.

Na majembe yenyewe, nisikufiche, msimu uliopita nimeuza machache. Maduka yamejaa yale mekundu ya rangi, ya bei rahisi. Yanapinda kama ulimi wa mbwa, lakini mtu mwenye shida haangalii kesho. Watoto wanakua, ada haina huruma. Mkandarasi anataka jibu kabla mwezi wa tisa haujaisha.

Wewe ndiye uliyenishika mkono ukanipeleka kwa yule fundi mzee, mimi nikiwa nalia naogopa moto. Kwa hiyo nakuuliza wewe kabla ya mtu mwingine. Niache au nisiache?

Na usisahau kunirudishia jembe lako la msimu uliokwisha. Unajua siwezi kuanza ya mwaka mpya bila kuona lako limelika vipi. Mkono wako ndio kipimo changu tangu nilipoanza kazi.

Nisalimie wote. Mimi mdogo wako,
Cheche

—

2 Agosti

Mdogo wangu Cheche,

Waalaykum salaam. Daktari, mgonjwa anajibu: mzima wa afya.

Barua yako imechelewa kunifikia kwa sababu Breki alikuwa anasubiri springi nyingine. Nimempa maji ya kunywa na pole, akapokea maji, pole akairudisha. Anasema pole za familia yetu hazina uaminifu.

Huku tunamshukuru Mungu. Mavuno yameingia ghalani, si mengi, si haba. Mbuzi mwekundu amezaa mapacha. Mjomba bado anagombana na redio yake kila jioni, anaibishia habari kama vile mtangazaji anamsikia. Bibi harusi wa nyumba ya juu amejifungua salama, mtoto wa kike, kelele zake tunazisikia mpaka huku.

Kile kipira cha pampu ya kisima ulichotutumia kimetoshea barabara. Nataka ujue ulichokifanya. Kipande cha mpira kisichozidi kiganja changu, nacho kilipochakaa watu wa upande huu wote tukarudi kuteka kijitoni pamoja na ng'ombe. Siku kilipofika tulisimama kisimani tumeshika roho. Jirani yangu Mashoto akashika mpini wa pampu, akapampu na kupampu, patupu. Akasema, "Cheche ametutumia kiatu." Kabla hajamaliza kucheka, maji yakamrukia miguuni. Nyie watu wa mjini mnalalamika sana juu ya mji wenu, lakini mtu yeyote aliyekaa mahali akatengeneza kitu kama kile, mimi namwombea dua bila kumjua. Mpelekee salamu aliyekuuzia.

Wifi nimemwekea kunde kwenye mfuko wenye fundo jekundu. Asiuze zote, aliwekewa za kula.

Habari ya mageti nimeisoma. Mageti ni kitu kizuri. Hata pepo ina milango. Nitalifikiria.

Jembe nimempa Breki. Nimelifunga kwenye gunia. Msimu ulikuwa wa kawaida.

Kwa sasa ni hayo tu, taa inaniisha mafuta.

Dada yako

—

20 Agosti

Dada yangu,

Assalaam alaykum. Natumai Mungu amekuamsha salama wewe na mapacha wa mbuzi. Huku wifi yako alikuwa na mafua, sasa nafuu. Kunde tumezila zote, hata za kuuza hazikubaki, na fundo jekundu mtoto wa mwisho amelifanya kitambaa cha mwanasesere wake.

Dada, nimefungua gunia.

Niliposoma "msimu ulikuwa wa kawaida" niliamini. Wewe ni mtu wa kuaminika kwa kila kitu isipokuwa afya yako. Nikaliosha jembe, nikalilaza juu ya fuawe, nikaita, "Mvukuto, njoo uone." Akaja, akaligeuza, akapitisha kidole kwenye kona zote mbili.

Miaka yote jembe lako limelika kona ya kulia, limelika taratibu, kama mkate unaoliwa na mtu mwenye adabu. La safari hii kona ya kulia ni nzima, imebaki na alama za nyundo yangu kama siku nilipolitoa motoni. Iliyolika ni ya kushoto. Imelika sana.

Hakuna mtu anayehamisha mkono uzeeni kwa kupenda. Mkono wako wa kulia una nini? Ni bega? Ni kiwiko? Tangu lini? Umelima msimu mzima kwa mkono wa kushoto, Dada, shamba lote lile, na mimi huku nakaa najisifu eti vitunguu vyako vina jina!

Sikulala vizuri, sikufichi. Asubuhi niliingia bandani kabla ya wenzangu, nikachukua kipande chembamba kuliko vyote cha springi ya Breki, nikakutengenezea jembe la mkono wa kushoto. Bapa ni jembamba na fupi, nimeikata kona upande unaouhitaji, shingo nimeikunja zaidi ili usilazimike kuliinua juu. Mpini nimechagua mwepesi. Mvukuto aliliinua kwa vidole akasema, "Hili hata mtoto mchanga anaweza kulichezea." Nimempa Breki. Litumie hilo, lile zito liache.

Na habari ya mageti, nadhani jibu nimekwisha kulipata. Nimegonga majembe miaka yote hii nikipima kwa mkono wako. Nikiona bapa linapendeza, najiambia hili Dada atalipenda. Kama mkono huo hauwezi tena, sasa namgongea nani? Walio dukani wananunua mekundu. Nitamwambia mkandarasi ndiyo.

Ila kwanza nijibu. Nina maswali mawili tu: mkono una nini, na tangu lini. Tafadhali usiniandikie habari za redio ya mjomba.

Mdogo wako

—

11 Septemba

Dada,

Assalaam alaykum. Hujambo? Sisi hatujambo, ila moyo wangu haujatulia.

Breki amerudi mikono mitupu. Nimemuuliza amekuona? Akasema amekuona kwa haraka tu, umekaa kizingitini, jembe nililokutumia ulilipokea kwa mkono mmoja, ukasema "ahsante, nitaandika", ukaingia ndani. Nikamuuliza mkono gani? Akanijibu, "Mimi ni dereva, sio mpiga picha wa mifupa."

Mkandarasi alipita jana. Nimemwambia anisubiri mpaka barua yako ifike. Alinitazama kama vile nimemwambia nasubiri mvua ndipo ninyoe.

Niandikie hata mstari mmoja. Ukiwa umenikasirikia, niandikie umenikasirikia.

Cheche

—

17 Septemba

Mdogo wangu,

Waalaykum salaam warahmatullah. Wifi hajambo mafua? Watoto hawajambo? Mimi leo nakujibu kweli, na nimekaa kwenye mkeka ambao nimetoka kuuswalia, ili nione haya kudanganya.

Nimekukasirikia. Sawa, umepata mstari wako.

Miaka yote hii nilidhani nakurudishia jembe, kumbe nakupelekea mwili wangu uukague. Ningejua, lile gunia ningelijaza mchanga.

Sikiliza. Mvua za kwanza za msimu uliokwisha nilikuwa nashuka ngazi ya ghala, mguu ukateleza, nikaangukia bega la kulia. Zahanati walinipa dawa za maumivu na kitambaa cha kuning'iniza mkono, wakaniambia niende hospitali ya mjini wakalipige picha. Sikwenda. Mbegu zilikuwa zinasubiri udongo. Na kwa siku nyingi hata takbira nilikuwa nainua mkono mmoja, namwambia Mola, huu mwingine unakuja, uvumilie.

Lakini mimi, mdogo wangu, sijawahi kulima kwa mkono wa kushoto hata siku moja. Aliyelima ni Mashoto! Kwa nini unadhani tunamwita hivyo? Alikuja asubuhi baada ya mimi kuanguka, akalikuta jembe lako limeegemea ukuta, akasema, "Mbona hili limesimama kama mgeni asiyekaribishwa?" Akalichukua. Akalima kwake, akaja akalima kwangu, msimu wote. Mimi nilikuwa nampikia na kumchungia wanawe. Nilipomshukuru kwa machozi akaniambia, "Futa uso, shoga. Lile jekundu langu la dukani limepinda siku ya kwanza. Ulidhani nakuja kwa ajili yako? Nakuja kwa ajili ya jembe."

Nilipomsomea barua yako, kwamba nimelima shamba lote kwa mkono wa kushoto, alicheka mpaka akakaa chini. "Kumbe huko mjini najulikana kwa kona!" Sasa hivi anatembea anawaambia watu yuko kwenye rekodi za wahunzi.

Kwa hiyo umelia kwa ajili ya mkono ambao haukufanya kazi, ukatengeneza jembe la mtu ambaye hayupo. Mimi si wa mkono wa kushoto, na Mashoto hana bega bovu. Alilijaribu kwenye ardhi ngumu, likadunda, likamrudishia mkono. Akasema, "Hili ni la kulimia uji." Tukaliweka nyuma ya mlango. Nikaona haya kukuandikia. Ungejua ukweli ungekuja mbio kunichukua, mngeniweka kwenye kiti mjini nitazame ukuta wa jirani. Siutaki ukuta wa jirani.

Sasa nikueleze lililotokea, maana hili ndilo lililonipa nguvu ya kushika kalamu.

Vitunguu vilijaa magugu. Unajua kitunguu hakipendi jembe kubwa, likipita linakata na mizizi yake. Siku zote tunachuchumaa, tunang'oa magugu kwa vidole, siku nzima, na bega langu haliwezi kunibeba nikiinama hivyo. Nilisimama pale kijitoni nikaangalia matuta yanavyozama, nikasema basi, mwaka huu muuza chapati ataombea mvua bure. Halafu nikakumbuka kile kijiko chako cha nyuma ya mlango. Nikakifuata. Nikakishika kwa mkono wa kulia, huuhuu mbovu, chini, bila kuuinua, nikavuta kuelekea kwangu.

Mdogo wangu, lilipita kati ya mistari kama mkono wa mama anayemtoa mtoto mwiba. Magugu yakalala. Kitunguu hakikutikisika. Nikavuta tena. Ile kona uliyoikata kwa ajili ya mkono wa kushoto ilikuwa inanisumbua kidogo, nikawa narudi nyuma badala ya kwenda mbele, kama kaa. Nilifika mwisho wa tuta, nikageuka, nikaona kazi niliyokuwa nimeifanya mwenyewe, kwa mkono wangu. Nilisujudu palepale kwenye tope.

Basi nikakosea nikawaonyesha wenzangu. "Lete kidogo nijaribu." "Na mimi." Tangu siku hiyo jembe lako halijalala nyumbani kwangu. Nikilitaka lazima nilitafute bustani za watu, naambiwa liko kwa fulani, nikifika kwa fulani naambiwa limekwenda kwa bibi yake. Kila mwanamke mwenye bustani kijitoni anataka la kwake kabla ya mvua. Ila wanataka kona ikatwe upande wa kulia. Mashoto peke yake ndiye anasema lisiguswe, lilivyo ndivyo Mungu alivyokusudia.

Sasa habari ya mageti. Sikukujibu kwa sababu sikuwa na haki. Nilijua nikisema neno, utalisikiliza bega langu na hutawasikiliza watoto wako. Nyumba zinajengwa, watu wanataka milango, ni kazi ya halali na tonge lake ni la uhakika. Wengi wanaozijenga ni watoto wetu waliotoka huku. Sikulaumu ukienda.

Lakini usiniambie unaacha kwa sababu mkono wangu hauwezi. Hilo nalikataa. Hukuwa unanigongea mimi, ulikuwa unajidanganya kwa mapenzi. Upande huu, alfajiri watu wakianza kulima, mimi nikiwa kitandani najua nani ana jembe lako na nani ana la dukani, kwa mlio tu likigusa jiwe. La kwako linaimba, la dukani linakohoa. Na mlio huo unaimba kwenye mashamba mengi kuliko unavyodhani, maana moja linalima kwa mwenyewe, kwa jirani na kwa mjane. Wewe uliona mauzo machache. Sisi tuliona majembe yasiyokufa. Mtu mwenye jembe lisilokufa anarudi dukani kufanya nini?

Fanya unavyoona. Uamuzi ni wako, na mimi dada yako nitakuombea upande wowote.

Dada yako, mgonjwa mwenye hali aliyoieleza

—

29 Septemba

Dada yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Hali yako sasa naijua, kwa hiyo leo nauliza la ziada: bega limeamkaje leo? Sisi wazima. Wifi yako ameisoma barua yako mara nyingi, anacheka anapofika kwa Mashoto na anafuta macho anapofika kwenye tope. Mvukuto anasema kijiko kile wazo lilikuwa lake.

Nilikosea, nimekubali. Nilisoma jembe nikadhani nimekusoma wewe, kumbe nilimsoma jirani. Sikujua kama jembe moja linaweza kubeba watu wawili. Mshukuru sana Mashoto, mwambie mimi nina deni la shukrani kwake mpaka kaburini, na kona yake naiheshimu.

Nilikaa na wifi yako tukazungumza. Nilimwambia mageti ni uhakika. Akasema, "Najua." Nikamwambia majembe ni msimu. "Najua." Nikamwambia mbona hunisaidii? Akaweka chini mizani yake. "Mimi nauza vitunguu vya wifi kila wiki, ndivyo vinavyonunua sabuni na daftari humu ndani. Sasa unaniuliza kama uache kutengeneza kitu kinachovipalilia? Ulikwenda shule gani wewe?" Nikamwambia, unajua shule niliyokwenda. Akasema, "Ndiyo maana nauliza kwa upole."

Ijumaa baada ya swala nilimfuata mkandarasi nje ya msikiti, nikampa mkono. Nikamwambia nashukuru kwa heshima aliyonipa, lakini sitaweza, kuna majembe ya bustani yananisubiri.

"Umeagizwa na kampuni gani?"

"Na wanawake wa kijitoni."

"Wana mkataba?"

"Wana vitunguu."

Hakukasirika. Alinitikisa mkono, akasema Mungu atujalie sote riziki, akaenda. Jana mashine ya kuchomelea ilishushwa banda la jirani, mpya, inang'aa. Sikufichi, iliniuma. Mkubwa wangu aliitazama sana, halafu akaja akashika nyundo bila kutumwa. Ada tutaitafuta kama tulivyokuwa tunaitafuta, pamoja na Mola.

Jambo la pili, na hapa sipokei redio ya mjomba wala milango ya pepo. Unakuja mjini kupigwa picha bega. Siku chache tu, wifi yako amekwisha kuulizia hospitali ni siku gani daktari wa mifupa anakuwapo. Hutakaa kwenye kiti. Utakaa na wifi sokoni, wakuone wanawake wanaokula jasho lako, na muuza chapati akushike mkono ule mzima. Mashoto atakuangalizia bustani, jembe analo. Kisha utarudi na lori. Breki anasema atakuweka mbele na ataendesha polepole makorongoni, ingawa anashuku kwamba mimi ningependa akimbie.

Sasa kazi. Springi nimezikata, nimezipanga, Mvukuto yuko kwenye mkaa tangu asubuhi. Lile la kwanza nililikisia nikiwa na hofu, Mungu akalielekeza. Haya mengine sitaki kukisia, na hapa ndipo nimekwama, kwa sababu tangu nije mjini kitunguu nakiona kikiwa gunia au kikiwa mchuzi. Sijui mistari yenu inaachana kiasi gani. Nenda bustanini, kata kijiti, ukilaze kati ya mstari na mstari, kisipwaye na kisibane. Nenda na kwa wenzako uone kama na wao wanapanda hivyo hivyo. Kama si hivyo, niletee vijiti viwili, kila kimoja ukifunge uzi wa rangi yake, uniandikie kipi ni cha nani na ni wangapi wanataka kona ya kulia. Na ukija, njoo navyo mkononi. Kama safari itachelewa, mpe Breki vitangulie.

Moto ninao, chuma ninacho, mikono ninayo. Upana sina, na hapa mjini hakuna mtu wa kunipa. Mvua ziko karibu. Tafadhali nijibu upesi.

Mdogo wako,
Cheche